Hodi Isiyoitikiwa: Programa ya Chipu Inapokaa Kimya

Mazungumzo ya leo ni ya karakana. Nazungumza na wanafunzi wa elektroniki katika vyuo vya ufundi, na walimu wao, na mafundi wanaofufua bodi za vifaa madukani na vibarazani, na yeyote aliyewahi kuchomeka programa kwenye kompyuta, kompyuta ikaikana.

Programa, kwa asiyeijua, ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Kazi yake ni kuchukua programu iliyoandikwa kwenye kompyuta na kuichoma ndani ya maikrokontrola, yaani ile chipu inayotoa amri katika mzani wa dukani, katika kidhibiti chaji cha sola, katika mashine ya kutotolea vifaranga. Bila programa, chipu mpya ni tupu, na kazi yote ya mwanafunzi inabaki kwenye skrini. Katika chuo ambako darasa zima linategemea programa moja, ikigoma hiyo moja, mafunzo yamesimama.

Niseme mapema ninachokiamini, kisha nikitetee. Programa nyingi zinazotupwa kwa kuitwa mbovu si mbovu. Zimekaa kimya, na ukimya huo una sababu inayoweza kutafutwa kwa mita ya bei nafuu na subira. Shida ni kwamba sababu haitafutwi. Mtu anaingia mtandaoni, anapakua faili la kwanza analokutana nalo, anaanza kufuta na kuandika upya femwea, ile programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe. Akishafuta, hata kilichokuwa kizima kinakufa, na fundi atakayekuja nyuma yake hana tena pa kuanzia.

Ili kuijua sababu, kwanza tujue kinachotokea katika sekunde ile moja baada ya kuchomeka. Kwetu sisi mfano uko karibu: ni mtu anayefika mlangoni na kubisha hodi. Kebo ya USB ya kawaida ina nyaya nne ndani yake. Mwekundu unaleta umeme wa volti 5, mweusi ni hasi, na mbili zilizobaki, wa kijani na mweupe, ni za data. Wa kijani huitwa D+ na mweupe D-. Upande wa kompyuta, nyaya hizo mbili za data zimevutwa chini kwa rezista za kilo-omu 15, kwa hiyo zikiwa peke yake zina volti sifuri. Kifaa kinapofika kinauvuta mmojawapo juu kwa rezista ya kilo-omu 1.5. Hiyo ndiyo hodi. Kikiuvuta D+, kimesema kitazungumza kwa kasi ya megabiti 12 kwa sekunde. Kikiuvuta D-, ni megabiti 1.5. Kompyuta inaitikia. Inakiamuru kifaa kianze upya, inakiuliza jina lake na la aliyekitengeneza, inakipa anwani kati ya 1 na 127, inakiuliza tena habari zake kwa kirefu, na mwisho ndipo inatafuta draiva inayolingana na jina lile.

Mazungumzo hayo yanaweza kukatika popote, na kila mahali yanapokatikia pana alama yake. Kama kompyuta haikulia wala kuonyesha chochote, hodi haikubishwa au haikusikika. Kama Windows inaonyesha kifaa kisichojulikana chenye ujumbe namba 43, na kukueleza kwamba ombi la maelezo ya kifaa limeshindwa, basi hodi ilisikika, lakini kifaa kilipoulizwa jina hakikujibu, au kilijibu kwa kelele isiyoeleweka. Kama jina limeonekana vizuri kabisa na bado programu ya kuchomea inasema haikioni kifaa, tatizo limehama: limetoka kwenye nyaya, limeingia kwenye draiva au ruhusa. Mwenye Linux ana bahati hapa. Akiandika amri ya dmesg mara baada ya kuchomeka, atayasoma mazungumzo yote mstari kwa mstari. Kosa la -71 maana yake kompyuta ilisikia kitu lakini hakikufuata kanuni za USB. -110 maana yake ilisubiri jibu mpaka muda ukaisha. Mwanafunzi akijua kutofautisha makosa hayo mawili tu, tayari ameokoa jioni nzima ya kubahatisha.

Anza na kebo. Najua kila mtu huambiwa hivyo na kila mtu hupuuza. Madukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, kebo nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya kuchaji simu, na baadhi zina nyaya mbili tu ndani, mwekundu na mweusi. Programa itawaka taa yake vizuri kabisa kwa kebo ya namna hiyo, kwa sababu umeme unafika. Taa inamdanganya fundi, anaona kifaa kizima, analaumu draiva. Jaribu kebo nyingine ambayo umeiona kwa macho yako ikihamisha mafaili kutoka simu kwenda kompyuta. Iwe fupi. Usitumie tundu la mbele la kompyuta ya mezani, kwa sababu mara nyingi waya mrefu wa ndani unaolihudumia ni hafifu, chomeka nyuma. Na kama tundu ni la USB 3, lile ambalo mara nyingi lina rangi ya bluu ndani, weka habu ya USB 2 katikati. Programa za zamani huwa zinaelewana vizuri zaidi na habu hiyo.

Kisha ondoa bodi unayotaka kuichoma. Hili linasahaulika kuliko yote. Kanuni ya USB inakiruhusu kifaa kutumia miliampia 100 tu kabla kompyuta haijakikubali rasmi, na 500 baada ya hapo. Kama programa inailisha umeme bodi yenye rele au taa nyingi, au bodi yenye kapasita kubwa inayojaa ghafla, volti 5 zinashuka katika sekunde ileile ambayo kifaa kinatakiwa kujitambulisha. Maikrokontrola iliyo ndani ya programa inazimika na kuwaka, inazimika na kuwaka, na kompyuta inatangaza kifaa kisichojulikana. Programa ichomekwe peke yake, bila kitu mbele yake. Ikitambulika, ugonjwa uko kwenye bodi.

Nije sasa kwenye rezista ya hodi, na hapa naomba nikae kidogo, maana kuna kisa cha kweli kinachofundisha kuliko vitabu. Kuna bodi ndogo ya bei rahisi inayojulikana kama Blue Pill, yenye chipu ya STM32F103. Wanafunzi wengi wanaipenda kwa sababu, mbali na miradi ya kawaida, inaweza kuandikiwa femwea ikawa yenyewe programa ya kuchomea chipu nyingine. Bodi nyingi za aina hiyo zilitoka kiwandani na rezista ya kilo-omu 10 kwenye D+ badala ya 1.5. Fanya hesabu pamoja nami. Rezista ya 1.5 ikivuta kutoka volti 3.3, na kompyuta ikivuta chini kwa 15, waya unakaa kwenye volti 3.0. Hodi kubwa, inayosikika. Weka ya 10, na waya unakaa kwenye volti 1.98. Kanuni ya USB inasema kompyuta inahakikishiwa kusikia kuanzia volti 2.0. Zimepungua sehemu mbili tu za mia za volti. Ndiyo maana bodi ileile inatambulika kwenye kompyuta yako na kukanwa kwenye kompyuta ya mwenzako, na nyote wawili mnasema kweli. Dawa yake ni rezista moja ya kilo-omu 1.8, inayolehemiwa kati ya mguu wa PA12 na volti 3.3. Ikifanya kazi sambamba na ile ya 10, jumla inakuwa karibu 1.5, na bodi inaanza kutambulika kila mahali. Hakuna draiva ambayo ingeponya ugonjwa huo, wala femwea. Watu wamebadilisha Windows nzima kwa sababu ya rezista hiyo.

Sasa tufike kwenye butiloda. Butiloda ni programu fupi inayokaa mwanzoni mwa kumbukumbu ya chipu. Kila umeme unapoingia, yeye ndiye wa kwanza kuamka. Anaangalia: je, kuna mtu ameshika kitufe? Je, programu kuu ipo salama? Kama mambo ni sawa, anaipisha programu kuu. Kama si sawa, anafungua mlango wa USB na kusubiri aletewe programu mpya. Uzuri wake ni kwamba femwea ya kifaa inaweza kubadilishwa kwa kebo tu, bila chombo kingine. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi anakaa kwenye kumbukumbu ileile inayofutika, na akifutwa yeye, mlango umeondoka.

Mfano bora ninaoujua ni PICkit 2 ya kampuni ya Microchip. Kampuni imeacha kuiuza, lakini nakala zake zimejaa duniani kwa sababu wenyewe walitoa mchoro wake na msimbo wa femwea yake hadharani. Kwa uamuzi ule nawaheshimu mpaka leo; bila mchoro, fundi wa huku kwetu angekuwa anapapasa gizani. Moyo wa PICkit 2 ni chipu ya PIC18F2550, yenye kilobaiti 32 za kumbukumbu. Tuseme ulikuwa unaiandikia femwea mpya kwenye kompyuta ya mezani, umeme ukakatika katikati. Ukirudisha umeme, programa haijibu. Usiifungue. Ichomoe, bonyeza kitufe chake kilekile cha mbele, na huku umekishikilia, ichomeke tena. Taa nyekundu ya Busy ikianza kumetameta, butiloda yuko hai na anakusubiri. Fungua programu ya PICkit 2, nenda kwenye menyu ya Tools, chagua kupakua mfumo wa kifaa, ionyeshe faili la toleo la 2.32 ambalo ndilo la mwisho. Baada ya muda mfupi kifaa kinafufuka. Kukatika kwa umeme hakukumuua butiloda, kwa sababu uandishi wa femwea haugusi sehemu anayokaa.

Kwa hiyo taa ile ya Busy ndiyo inayogawa njia. Ikimetameta, kazi yako ni ya kompyuta. Isipometameta hata ukishika kitufe, ama butiloda hayupo, ama chipu haiamki sawasawa, na hapo ndipo mita inapoingia kazini.

Pima mguu wa 14 wa chipu hiyo, unaoitwa VUSB. PIC18F2550 ina kirekebisha volti ndani yake kinachotengeneza volti 3.3 kwa ajili ya nyaya za data, na kinahitaji kapasita ndogo nje, ya nanofaradi mia kadhaa. Kwenye nakala za bei rahisi kapasita hiyo wakati mwingine haipo, au imelehemiwa vibaya. Volti zikiyumba hapo, hodi nayo inayumba, na unapata ule ujumbe namba 43 unaokuja leo na kesho haupo. Kisha tazama kristali. Kipande kile cha bati kinapaswa kuandikwa 20. Ndani ya chipu, megahezi hizo 20 zinagawanywa kwa 5 kupata 4, na kutoka 4 chipu inazalisha 96, ambazo nusu yake, 48, ndiyo saa ya USB. Fundi aliyekosa kristali ya 20 dukani akaweka ya 12, akijiambia kwamba kristali ni kristali, ameipa chipu megahezi 2.4 mahali ilipotakiwa 4. Kila kitu kitawaka. Hodi itabishwa vilevile, maana ile ni rezista tu. Lakini kifaa kikiulizwa jina, kitajibu kwa mwendo ambao kompyuta haiwezi kuufuata. Dalili hiyo ndiyo ile ya -71, na nakuahidi, ukiwa na programa iliyotengenezwa nyumbani na kosa hilo kwenye dmesg, kristali na vichaguzi vya saa ndivyo vya kutazamwa kabla ya chochote.

Ugonjwa kama huo unaipata USBasp, programa nyingine inayopendwa sana, aliyoibuni Mjerumani Thomas Fischl kwa chipu za familia ya AVR. Naye aliutoa mchoro na msimbo bure. Ndani yake kuna ATmega8 ambayo haina maunzi ya USB kabisa. Inaigiza USB kwa programu tupu, ikihesabu mapigo ya kristali ya megahezi 12, mapigo 8 kwa kila biti. Ikitoka kiwandani, ATmega8 hutumia saa yake ya ndani ya megahezi 1, mpaka ibadilishiwe fyuzi zake, yaani vichaguzi vya saa. Anayeinunua mpya, akaiandikia femwea ya USBasp na kusahau fyuzi, atakaa usiku kucha na kifaa chenye femwea sahihi kisichoweza kusema neno.

Lakini USBasp ina jambo jingine linaloniudhi zaidi, kwa sababu limeua programa nyingi zilizokuwa nzima. Ukiitumia na avrdude, programu ya kuchomea ya upande wa kompyuta, mara nyingi unaona onyo kwamba imeshindwa kupanga kasi ya saa ya kuchomea, na kwamba uangalie kama kuna femwea mpya. Mwanafunzi anasoma onyo, anashtuka, anakwenda kubadilisha femwea. Onyo hilo halina madhara. Kama chini yake imeandikwa kwamba chipu imechomwa na kuhakikiwa, basi kazi imekamilika, endelea na maisha. USBasp haina butiloda wa USB; ili kuibadilisha femwea unahitaji programa ya pili na jampa ya JP2 iliyofungwa. Usiende huko bila sababu.

Kuhusu draiva nitapita haraka. PICkit 2 hujitambulisha kwa kompyuta katika kundi moja na kibodi na kipanya, kwa hiyo haihitaji draiva yoyote. USBasp kwenye Windows inaihitaji, na chombo kinachoitwa Zadig ndicho huiweka. Tahadhari moja: hakikisha namba za kifaa ulichokichagua humo ni 16C0 na 05DC. Ukiipa PICkit 2 draiva ya Zadig, programu yake haitaiona tena. Ukiipa kibodi, hutaweza kuandika. Kwenye Linux, jaribu kwanza kwa sudo. Ikifanya kazi, ugonjwa ni ruhusa, na faili dogo la kanuni za udev linaumaliza.

Tuseme umepima yote, na kweli butiloda amefutika, au femwea ya USBasp imeharibika. Hapo ndipo penye fundo linalowakatisha watu tamaa: ili kuponya programa unahitaji programa. Kwa upande wa AVR, fundo lina njia ya kufunguliwa. Chukua Arduino Uno, ipakie programu ya ArduinoISP ambayo inakuja miongoni mwa mifano ya programu ya Arduino kwenye kompyuta yako, weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ili isijiwashe upya kila kompyuta inapoifikia, kisha unganisha miguu ya 10, 11, 12 na 13 kwenye programa iliyokufa. Bodi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza imeokoa programa ya chuo. Kwa upande wa PIC, njia rahisi ni jirani mwenye programa nzima. Ndiyo maana siwaelewi wakuu wa idara wanaonunua programa moja na kuifungia kabatini kama ndiyo ulinzi wake.

Kuna usanifu mmoja ambao natamani kila mtengenezaji auige. Januari 2021 Raspberry Pi walitoa bodi ya Pico kwa dola 4 za Marekani. Butiloda wa chipu yake, RP2040, hakai kwenye kumbukumbu inayofutika. Amechongwa ndani ya chipu yenyewe, kilobaiti 16 ambazo hakuna programu inayoweza kuzifuta, yako wala ya adui yako. Shika kitufe cha BOOTSEL, chomeka kebo, na kompyuta inaona diski inayoitwa RPI-RP2. Unaburuta faili ndani yake, basi. Uandike utakavyo, ukosee utakavyo, umeme ukatike katikati, mlango ule hauzibiki. Na kwa femwea ya Debugprobe inayotolewa bure, Pico moja inakuwa programa ya Pico nyingine na ya chipu nyingi za ARM, ikiwemo ile ya Blue Pill. Chuo kinachoanza leo bila mali ya zamani ya PIC, ningekishauri kianzie hapo.

Kwa wenye PIC, ambao ni wengi, kabla muhula haujafunguliwa fanyeni hivi wakati programa yenu bado nzima. Nunueni PIC18F2550 ya ziada, muichome femwea kamili ya PICkit 2 pamoja na butiloda wake, muiweke kwenye kikasha chenye jina lake. Kama chipu ya programa yenu imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi na ni ya miguu mirefu, itoeni na kuweka soketi. Faili la femwea na mchoro vihifadhiwe kwenye diski ya chuo, na mchoro uchapishwe, ubandikwe ukutani juu ya meza ya kazi, mahali ambapo mwanafunzi mwenye mita mkononi anaweza kuusoma.